Mwaridi Upandao Ukutani: Habari za "New Dawn"



Mtu akiisha kujenga nyumba nzuri, hutaka mbele ya mlango pawe na kitu cha kupendeza macho. Wengi huchagua mwaridi, na wengine huchagua ule wenye nguvu nyingi, unaopanda ukutani mpaka paani. Si vibaya. Lakini mti huu ni kama mgeni wa kudumu: ukimkaribisha leo, hataondoka kesho. Basi kabla ya kuchimba shimo, yafaa tujue asili yake, maana ajuaye ukoo wa mti hujua na tabia yake.

Kwanza tuelewe jambo moja. Mwaridi haupandi kama maharage yanayojizungusha kwenye mti, wala kama mzabibu wenye vikono vya kushika. Una matawi marefu tu, na miiba iliyopinda kama ndoana. Porini hujitupa juu ya vichaka, miiba ikashika, na hivyo mti husogea kidogo kidogo mpaka kwenye mwanga. Ukutani hakuna kichaka. Kwa hiyo ni sharti mwenye bustani aufunge kwa kamba.

Zamani miwaridi ya Ulaya karibu yote ilitoa maua mara moja kwa mwaka, kisha basi. Ile ya Uchina ilikuwa na kipaji kingine: ilichanua tena na tena. Ilipofika Ulaya, mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, watunza bustani waliifurahia sana, wakaichanganya na ya kwao. Lakini mingi ya jamii hiyo iliogopa baridi kali. Huko Ujapani, karibu na bahari, kulikuwa na mwaridi mwingine wa mwituni, utambaao chini, wenye majani ya kung'aa na maua madogo meupe. Wataalamu huuita Rosa wichurana, kwa kumheshimu Mjerumani Max Wichura. Huu ulikuwa na nguvu nyingi na ulivumilia baridi, ila maua yake yalikuja mara moja tu.

Ndipo alipotokea Walter Van Fleet wa Marekani. Alizaliwa mwaka wa 1857, akasoma udaktari, akatibu watu. Baadaye aliacha kazi hiyo akajitoa kabisa kwa mimea, na mwishoni aliifanya kazi hiyo chini ya wizara ya kilimo, huko Glenn Dale, Maryland. Hakutafuta maua ya matajiri wenye watumishi wengi. Alitaka mwaridi wa mlangoni pa mtu wa kawaida, ambaye akirudi kazini jioni hana nafasi ya kuubembeleza mti.

Kazi yake yahitaji subira. Unachukua unga wa ua moja, unaupaka katikati ya ua la mti mwingine, unangoja tunda, unapanda mbegu, kisha unangoja tena uone mtoto amekuwaje. Van Fleet aliuchukua ule mwaridi wa Ujapani akauchanganya na "Safrano", mwaridi wa Kifaransa wa mwaka wa 1839 wenye damu ya Uchina. Mtoto wao akamchanganya na mwaridi mwingine wa Ufaransa, uliopewa jina la Rais Carnot, yule aliyeuawa mjini Lyon mwaka wa 1894. Akapata mti wenye nguvu, majani ya kung'aa, na maua ya rangi ya waridi hafifu. Inasimuliwa kwamba yeye mwenyewe alitaka kuuita "Daybreak", maana yake mapambazuko. Lakini wafanya biashara walioutoa mwaka wa 1910 waliuita kwa jina lake: "Dr. W. Van Fleet".

Watu waliupenda. Hata hivyo ulikuwa na upungufu mmoja: ulichanua mara moja kwa mwaka. Kile kipaji cha Uchina kilikuwamo katika ukoo wake, lakini kilifichika, kama sura ya babu isiyoonekana kwa mjukuu. Van Fleet alikufa mwaka wa 1922, hakukiona kikitokea.

Kumbe kilitokea chenyewe! Katika kitalu kimoja cha New Brunswick, New Jersey, palionekana mwaridi wa namna hiyo uliokuwa umebadilika kwa ghafla. Ulifanana na wenzake kwa majani, kwa rangi na kwa harufu, lakini wenzake walipokwisha maua, wenyewe uliendelea kuchanua mpaka karibu na majira ya baridi. Badiliko la namna hii si kazi ya mikono ya mtu. Kazi ya mtu ni kuliona, kulikata, na kulizidisha kwa vipandikizi. Mwaka wa 1930 mwaridi huo uliuzwa kwa jina la "New Dawn", yaani Mapambazuko Mapya.

Mwaka huohuo, tarehe 23 Mei 1930, Rais Hoover alitia sahihi sheria mpya. Kabla yake, mtu aliweza kununua mche mmoja, akakata vijiti mia, akaviuza, na aliyeshughulika miaka kumi asipate kitu. Thomas Edison, mvumbuzi maarufu, aliitetea sheria hiyo. Tarehe 18 Agosti 1931 hati ya kwanza kabisa ya haki juu ya mmea ilitolewa, kwa Henry Bosenberg, na mmea wenyewe ulikuwa "New Dawn". Kwa miaka 17 hakuna aliyeruhusiwa kuuzidisha bila idhini.

Hapa pana neno la kufikiri. Mti ulitungwa na Van Fleet. Badiliko lilikuja lenyewe. Hati akaipata mwingine. Je, ilikuwa haki? Wenye sheria walijibu kwamba aliyegundua kitu na kukizidisha ameisaidia nchi, maana bila jicho lake tawi lile lingekatwa na kutupwa. Lakini walijua pia pa kusimama: viazi na mimea ya namna yake haikuingia katika sheria hiyo, kwa kuwa kile kinacholiwa ndicho kinachopandwa, na chakula cha watu hakifai kufungwa. Tena hati ilikuwa na mwisho. Mwaka wa 1948 ilikwisha, na tangu hapo jirani aweza kumpa jirani yake kijiti cha "New Dawn" bila kumwogopa mtu. Mwaka wa 1997 vyama vya wapenda mawaridi vya dunia viliutia katika orodha ya miwaridi ya heshima.

Basi, anayetaka kuchagua ajifunze nini katika habari hizi?

Kwanza, apime ukuta kabla ya kupima uzuri wa ua. "New Dawn" hufika meta 4 hata 6. "Aloha", mtoto wake wa mwaka wa 1949, hufika nusu ya hapo, nao wafaa kwa nguzo ya baraza. Lakini mjini Tombstone, Arizona, kuna mwaridi wa jamii ya Banks uliopandwa mwaka wa 1885: sasa matawi yake yamefunika zaidi ya meta 700 za mraba, yakishikwa na nguzo nyingi. Nani mwenye ua wa namna hiyo nyumbani?

Pili, aulize: unachanua mara moja, au mara nyingi? Wa mara moja huwa na fahari kubwa kwa majuma machache. Wa mara nyingi hutoa kidogo kidogo, lakini humfurahisha mwenyewe kwa muda mrefu.

Tatu, akumbuke methali: samaki mkunje angali mbichi. Tawi likiachwa lisimame wima, huchanua kileleni tu, na maua huyaona ndege. Likilazwa kwenye waya lingali laini, macho yote ya tawi huamka, na maua hutokea toka mwanzo hata mwisho.

Van Fleet alitafuta mwaridi wa mtu wa kawaida. Ulipatikana baada ya kifo chake, kwa njia asiyoitazamia, ukafungwa miaka 17, kisha ukawa wa wote. Apandaye mti apande kwa moyo huo: huenda atakayevuna kivuli na harufu yake hajazaliwa bado.