Ya Tano Kutoka Juu

Ukutani kwenye steshenari ya mama, Morogoro, palikuwa na karatasi ya daftari iliyobandikwa kwa selotepu juu ya kompyuta: "Juu kushoto. Bonyeza. Shuka mpaka ya tano. Nenda kulia, chukua ya mwisho." Mama aliishia darasa la saba. Kiingereza cha kwenye skrini hakikumsumbua kwa kuwa hakuwa akikisoma. Alijua mahali, na kwa kujua mahali alichapa mitihani ya shule tatu.

Kompyuta ile ilitumia Ubuntu, niliyoiweka mimi nikiwa likizo ya chuo. Jina hilo ni la Kizulu na Kixhosa, ndugu wa "utu" wetu. Mwanzilishi wake ni Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, yule aliyesafiri anga za juu mwaka 2002. Toleo la kwanza lilitoka Oktoba 2004, na kwa miaka kadhaa uliweza kuomba CD ukaletewa kwa posta bila kulipa hata senti. Yetu ilikuja hivyo.

Usiku mmoja wa Mei 2011 nilinunua kifurushi cha intaneti, nikachomeka modemu, nikaanza kuupandisha mfumo kwenda toleo la 11.04. Mama sikumuuliza. Asubuhi mwalimu mmoja alifika na mtihani wa muhula mkononi, na mama akaniita kwa sauti ambayo huitumia maziwa yanapochemka na kumwagika.

"We mwanangu, menyu yangu umeipeleka wapi?"

Juu kushoto palikuwa na nembo tu. Ukiibonyeza, kinafunguka kisanduku kinachokutaka uandike jina la programu unayoitafuta. Mama alikitazama. "Jina lake mimi nitalijuaje?"

Kilichotokea ni kwamba GNOME 2, uso ambao Ubuntu iliuvaa tangu mwanzo, ulikuwa umepewa likizo. Nafasi yake ilishikwa na Unity, uliojaribiwa kwanza kwenye kompyuta ndogo za mkononi, ambako kila sentimita ya urefu wa skrini ina thamani; ndiyo maana aikoni zilipangwa ubavuni. Sababu ya maana kabisa, ila skrini ya mama ilikuwa kubwa. Waundaji wa GNOME wenyewe walikuwa wametoa GNOME 3 Aprili ileile, nayo haikufanana na ya zamani. Hata Linus Torvalds, aliyeanzisha Linux mwaka 1991, aliilalamikia hadharani akahamia Xfce. Mama hakumjua Torvalds, lakini malalamiko yao yalikuwa mamoja.

Dawa ilikuwa ndogo hadi inaaibisha: unatoka, unachagua jina lako, halafu chini ya skrini unachagua Ubuntu Classic. Niliigundua saa tisa alasiri. Mwalimu alikwishapeleka mtihani duka la jirani, na hakurudi tena.

Oktoba, toleo la 11.10 lilipotoka, uchaguzi huo haukuwepo tena. Safari hii sikugusa kitu. Mwaka uleule, mtumiaji mmoja wa Argentina alichukua msimbo wa GNOME 2, kwa kuwa leseni yake iliruhusu, akauendeleza kwa jina la MATE, kama kile kinywaji cha kwao cha majani. Ilibidi sehemu zake zibatizwe upya ili zisigongane na za GNOME 3. Programu ya mafaili, Nautilus, ikawa Caja, yaani sanduku kwa Kihispania. Napenda sana kisa hicho. Mtu alikataa kuhamishwa, akajenga nyumba ileile pembeni.

Mwaka 2012 niliweka Linux Mint yenye MATE. Menyu yake ilikuja ikiwa chini kushoto. Nilitumia jioni nzima kuipandisha juu na kuipanga, nikihesabu kwa kidole, mpaka ya tano ikawa ya tano. Mama alisimama nyuma yangu na ile karatasi, akikagua mstari kwa mstari.

Aprili 2017 Shuttleworth alitangaza kwamba Ubuntu itaiacha Unity na kurudi GNOME. Nilimpigia mama simu kumpa habari. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama na yule mwalimu naye atarudi.