Mguu mzima waweza kumdanganya aliyepasuliwa goti

MCHEZAJI aliyefanyiwa upasuaji wa kano ya goti huweka kando mikongojo baada ya majuma machache. Kufikia mwezi wa sita, aghalabu maumivu huwa yamemwisha na kocha ameanza kumuulizia.

Hata hivyo, kukosa maumivu si kupona. Kano iliyo katikati ya goti ndiyo huzuia mfupa wa muundi usiteleze mbele, na hukatika mchezaji anapokita mguu na kugeuka ghafla. Daktari huweka nyingine badala yake, akiichukua kutoka misuli ya nyuma ya paja au chini ya pia ya goti. Kano hiyo mpya huhitaji miezi mingi kukomaa.

Tatizo kubwa zaidi huwa kwenye msuli wa mbele wa paja. Goti likiumia na kuvimba, neva hupunguza amri zinazofika kwenye msuli huo, nao hunyauka hata mgonjwa akijitahidi. Ndiyo sababu wataalamu wa tiba ya viungo husisitiza upimwe peke yake, mgonjwa akiwa ameketi na goti limekunjwa.

Hospitali kubwa hutumia mashine inayopima nguvu za msuli goti linaponyooshwa kwa kasi isiyobadilika. Mashine hiyo ni ghali. Palipo na kiti cha mazoezi cha kunyooshea goti, uzito mkubwa zaidi ambao kila mguu waweza kuinua mara moja hutoa picha inayofaa, mradi kano mpya imepata muda wa kushika na mtaalamu awepo.

Matokeo ya mguu uliopasuliwa hugawanywa kwa yale ya mguu mzima, na desturi ni kutaka yafikie angalau asilimia 90. Hapa ndipo penye mtego. Mguu mzima nao hudhoofika, kwa kuwa mwenyewe amekaa miezi bila mazoezi ya kawaida.

Chukua mfano wa mchezaji ambaye mguu wake mzima uliinua kilo 50 kabla ya upasuaji. Miezi sita baadaye mguu huo unainua kilo 40, na uliopasuliwa kilo 36. Kwa hesabu ya kawaida amefikisha asilimia 90 na aweza kuruhusiwa kucheza. Ukilinganisha na kilo 50 za awali, amefikisha asilimia 72 pekee.

Huo si mfano wa kubuni tu usio na mashiko. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2017 uliwahusu watu 70. Miezi sita baada ya upasuaji, 40 kati yao walifaulu vipimo vya nguvu na vya kuruka kwa hesabu ya kawaida. Walipolinganishwa na nguvu za mguu mzima kabla ya upasuaji, waliofaulu walikuwa 20.

Kipimo cha kuruka mbele kwa mguu mmoja hupendwa kwa sababu huhitaji tepe ya kupimia tu. Nacho kina kasoro yake. Kazi kubwa ya kumsukuma mtu mbele hufanywa na nyonga na kifundo cha mguu, wala si goti. Mchezaji aweza kufika mbali sawasawa kwa miguu yote miwili huku goti likikwepa kazi. Kuruka juu kwa mguu mmoja hufichua udhaifu huo vizuri zaidi.

Namna ya kutua nayo huangaliwa. Mkao wa goti linaloporomoka kwa ndani huonekana hata katika video ya simu ikichezwa polepole. Mgonjwa pia aweza kuchuchumaa akiwa na kila mguu juu ya mizani yake ya kawaida. Wengi huegemea mguu mzima bila kujua.

Gharama ya kupuuza haya ni kubwa. Watafiti wa Oslo, Norway, na Delaware, Marekani, walifuatilia wagonjwa 106 kwa miaka miwili na kutoa matokeo mwaka 2016. Kati ya 55 waliorejea kwenye michezo mikali bila kutimiza vigezo, 21 waliumia goti tena. Kati ya 18 waliotimiza, aliumia mmoja. Idadi hizi ni ndogo, lakini tofauti ni ya kutisha. Aidha, kila mwezi ambao mchezaji alisubiri hadi kufikia wa tisa ulipunguza hatari ya kuumia kwa takriban nusu.

Kwa hivyo, anayesubiri upasuaji anafaa kuomba mguu wake mzima upimwe mapema na matokeo yaandikwe kwenye faili yake. Baadaye kipimo kirudiwe kwa kifaa kile kile na mkao ule ule, mwili ukiwa umepashwa joto, mguu mzima ukitangulia. Goti likiwa bado limevimba, kipimo cha kuruka kiahirishwe.