Chuma Hakisahau Mzigo

Jani la springi likikatika, usikimbilie kumlaumu dereva wala shimo la barabarani. Litazame pale lilipokatika. Upande mmoja ni laini, umeingia kutu, una mistari ya upinde inayofuatana kama alama za maji yanapokupwa ufuoni. Upande wa pili una chembechembe zinazong'aa. Ule laini ni ufa uliotambaa kwa miezi. Ule unaong'aa ulikatika kwa mpigo mmoja. Mimi nafunga springi za matatu na malori hapa Mishomoroni, Mombasa, na kijana yeyote anayekuja kujifunza kwangu huanza na somo hili kabla ya kushika spana.

Elimu hii ilitokana na misiba. Tarehe 8 Mei 1842, ekseli ya kichwa cha gari la moshi ilikatika karibu na Versailles, Ufaransa. Mabehewa yakashika moto, na watu zaidi ya 50 wakafa. Miaka ya 1850 na 1860, August Wöhler wa reli za Prussia aliunda mashine za kuzungusha ekseli zikiwa zimebebeshwa mzigo, akathibitisha kuwa mzigo ambao chuma huubeba bila taabu unaweza kukivunja ukirudiwa mara nyingi. Marehemu baba, aliyekuwa mtu wa reli Changamwe, aligonga magurudumu ya mabehewa kwa nyundo akisikiliza mlio. Gurudumu zima hulia. Lenye ufa hukoroma.

Lakini Wöhler, kwa kila jaribio, alishikilia mzigo mmoja. Matatu ya Kisauni haijui mzigo mmoja. Inatoka Kongowea na abiria na magunia ya viazi, inaruka matuta, inashukia kwenye shimo, halafu inarudi nusu tupu. Na kabla ya sheria za matatu za Michuki, waziri wa uchukuzi wa Kenya, kuanza kufanya kazi Februari 2004, makondakta walijaza watu hadi mlangoni. Mwaka 1939, Mjerumani Ernst Gassner, aliyeshughulikia uimara wa ndege, alichapisha njia ya kupima hali kama hiyo: mizigo mikubwa na midogo hupangwa kwa mafungu, yakarudiwa mpaka kifaa kikatike. Mswidi Palmgren mwaka 1924, kisha Mmarekani Miner mwaka 1945, walitoa hesabu yake: kila mzigo hula fungu lake la uhai wa chuma, na mafungu yakitimia, kimekwisha.

Hesabu hiyo ina pengo, na kisa kinachoonyesha pengo hilo kinagusa Afrika Mashariki. Tarehe 2 Mei 1952, ndege aina ya Comet, G-ALYP, iliondoka London kwenda Johannesburg ikapitia Entebbe. Ilikuwa safari ya kwanza ya kibiashara ya abiria kwa ndege ya jeti. Ndege hiyo hiyo, tarehe 10 Januari 1954, ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, na watu wote 35 wakafa. Ilikuwa imeruka na kujazwa hewa mara 1,290 tu. Kiwandani, kipande cha kiwiliwili cha Comet kilikuwa kimevumilia zaidi ya mara 15,000! Sababu ni kwamba kipande kile kilijazwa kwanza kwa shinikizo kubwa kupita la kawaida, na shinikizo hilo likakaza sehemu zake dhaifu. Huko Farnborough, wataalamu walizamisha Comet nyingine kwenye tangi la maji, wakaijaza na kuilegeza mfululizo. Ikapasuka ilipofikia safari 3,057, za angani na za tangini pamoja. Kumbe mpangilio wa mizigo nao una uzito: kilichotangulia hubadilisha kinachofuata.

Ndiyo maana siziamini springi za mtumba zinazopakwa rangi nyeusi na kupangwa barabarani. Rangi haisemi springi ilikuwa chini ya gari la nyumbani au la kokoto. Jani lililochoka lipelekwe kwa mhunzi, lifuliwe panga au jembe. Wewe mwenye gari, ukinunua jani la mtumba, uliza lilitoka gari gani na lilibeba nini. Muuzaji asipojua, nunua jipya, ubadilishe pande zote mbili.