Ya Nchi Gani?

Wikendi nikipata nafasi, husimama nje ya uzio wa Wilson na kamera, nikivizia ndege kuukuu. Kitu cha kwanza kutafuta ni herufi za usajili: 5Y ni Kenya, 5H Tanzania, 5X Uganda.

Mazoea haya yalianza na picha moja ya guka, Embakasi, mapema miaka ya sabini. Amevaa suti ya kuazima, nyuma yake Super VC10 ya East African Airways. Aliyepiga alikata mkia, na herufi zikaenda nao.

Shirika lilikuwa na Super VC10 tano, zimesajiliwa katika nchi zote tatu. 5X-UVA ilipata ajali Addis Ababa mwaka 1972. Shirika lilipokufa 1977, nne zilizobaki zilirudi Uingereza, zikageuzwa kuwa za kujazia ndege za kijeshi mafuta angani. 5H-MOG, VC10 ya mwisho kuundwa, iliruka hadi 2013.

Nilimuuliza guka, hiyo yake ilikuwa ya nchi gani?

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la ajabu. "Si ilikuwa yetu tu?"

Bado natafuta picha yenye mkia.