Makaa ya Kismayu na Amri za Wakubwa

Kisiwa cha Kudhaa kimo katika safu ya visiwa vya Wabajuni, kusini ya Kismayu, na wenyeji wake husema Kibajuni, lahaja ambayo sisi walimu wa Kiswahili hatuna budi kuihesabu kuwa yetu. Siasa ya kuhifadhi miti imefika katika pwani hiyo kwa njia ya ajabu kidogo.

Kwa miaka mingi migunga ya bara ilikatwa, ikachomwa makaa, na magunia yakapakiwa Kismayu kwenda nchi za Ghuba. Tarehe 22 Februari 1912 bado ilikuwa mbali na fikra hizi. Ni tarehe 22 Februari 2012 ndipo Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipoipiga marufuku biashara hiyo. Shabaha yake haikuwa mvua wala kivuli, bali fedha: wachunguzi walikisia kwamba mwaka 2011 al-Shabaab, waliokuwa wakiutawala mji, walipata zaidi ya dola milioni 25 kutokana na makaa.

Mwishoni mwa Septemba 2012 majeshi ya Kenya na wenzao wa Ras Kamboni waliingia Kismayu, wakayakuta marundo ya magunia. Wafanyabiashara wakataka ruhusa ya kuyauza, Mogadishu ikakataa, makaa yakasafirishwa vivyo hivyo. Wachunguzi wale wale wakaandika kwamba bandari ilikuwa imebadili wenyewe tu, na al-Shabaab waliendelea kutoza ushuru barabarani.

Mwaka 2014 Kudhaa yenyewe ikapiganiwa. Mwaka 2016 Serikali ya Somalia iliridhia Mkataba wa Paris juu ya tabianchi. Mwaka 2018, kwa kupitia redio yao, al-Shabaab nao wakakataza mifuko ya plastiki na ukataji wa miti adimu! Basi mahasimu wote walikuwa wamenena neno moja, na kila mmoja alikuwa amekula katika gunia lile lile. Mvuvi akiisikia amri ya namna hiyo, huuliza kwanza ni nani aitoaye. Hatuoni kuwa huo ni ujinga.

Puntland mambo yalianza upande wa pili. Fatima Jibrell na wenziwe waliwaelimisha kwanza wafugaji, wanawake na vijana juu ya hasara ya makaa, wakaandamana. Ndipo mwaka 2000 serikali ya huko ikazuia makaa yasitoke Bosaso.