Ubwari si Kisiwa: Chanzo, Shahidi na Kamusi Elezo katika Historia ya Fizi

Hadi mwaka 2012, sera ya uthibitishaji ya Wikipedia ya Kiingereza ilifunguliwa kwa kauli kwamba habari huingizwa kwa sababu inathibitika, si kwa sababu ni ya kweli. Kauli hiyo iliondolewa pale mwanzoni, lakini mantiki yake bado inaongoza kazi ya wahariri wengi. Kwamba vyanzo vitajwe, hapo hatubishani. Ubishi uko katika kuamua nani anastahili kuitwa chanzo. Wanaoitetea kanuni ilivyo husema kitabu kinaweza kukaguliwa na yeyote, lakini neno la mzee wa Baraka au mvuvi wa Ubwari haliwezi. Naipinga hoja hiyo. Inachukulia kuchapishwa kuwa ndiko kuhakikiwa, na historia ya Fizi, mashariki mwa Kongo, inaonyesha jinsi mambo hayo mawili yalivyo mbali.

Ushahidi wangu ni safari moja. Aprili 1858, wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Speke walitoka Ujiji kwa mitumbwi kuelekea kaskazini mwa Ziwa Tanganyika. Burton alikuwa mgonjwa. Walivuka hadi Ubwari, wakapita ncha yake ya kaskazini, wakafika pwani ya magharibi, nchi ya Wabembe. Katika kitabu chake cha mwaka 1860 Burton aliandika kwamba Ubwari ni kisiwa. Si vigumu kuona alivyokosea. Anayepita ncha ile kwa mtumbwi huyaona maji yakiingia kusini, nchi kavu huku na huku, na mwisho wake hauonekani. Asipoyafuata hadi yanapoishia, atadhani yanapenya upande wa pili. Kumbe ni ghuba. Msafiri Henry Stanley alipolizunguka ziwa mwaka 1876 ndipo Ubwari ikachorwa kuwa rasi, na ghuba ile, ambayo mji wa Baraka uko kando yake, ikapewa jina la Burton, mtu ambaye hakuufikia mwisho wake.

Kwa miaka 16, basi, kisiwa kilikaa vitabuni ilhali mtu wa Ubwari aliweza kwenda bara kwa miguu yake. Tuchukue kwamba mwaka 1865 kulikuwa na kamusi elezo inayofuata kanuni za leo. Ingeandika “Ubwari ni kisiwa”, na tanbihi yake ingekuwa safi kabisa: mwandishi anajulikana, kitabu kinapatikana London. Mzaliwa wa Ubwari ambaye angelifuta neno “kisiwa” angerudishiwa haririo lake kwa sababu hana chanzo.

Kitabu hicho hicho kinadai kwamba Wabembe hula watu, tena wabichi. Burton hakuliona jambo hilo, aliandika alichosikia. Kosa la kisiwa lilipata wa kulisahihisha kwa sababu rasi hupimika. Tuhuma dhidi ya watu haina ramani ya kuikanusha, na anayetaka kuirudia leo atakuta kitabu kinamngoja. Hili linaniuma zaidi kuliko kisiwa, maana ni jina la watu walio hai.

Lakini sidai kwamba neno la mdomo ni kweli daima, na safari ile ile inanizuia kudai hivyo. Kabla ya kuondoka Ujiji, Speke alikuwa amevuka ziwa hadi Kasenge kwa mfanyabiashara Sheikh Hamed bin Sulayyim, akarudi na habari kwamba upande wa kaskazini kuna mto mkubwa unaotoka ziwani. Walipofika Uvira, watoto watatu wa mtawala wa huko waliwaambia kwamba mto huo, Ruzizi, unaingia ziwani, hautoki. Mwezi Novemba 1871 Livingstone na Stanley walifika mlangoni mwa mto na kuona kwamba wale wa Uvira walisema kweli. Habari zote mbili zilikuwa za mdomo. Vijana wa Uvira walikuwa wakisema juu ya mto wa kwao. Neno la Hamed lilikuwa limepita kwa Sidi Bombay, mkalimani wa Speke, na Bombay mwenyewe baadaye alieleza kwamba Sheikh alikuwa na maana iliyo kinyume.

Wanazuoni wa hadithi za Mtume wana jina la mnyororo kama huu wa wapokezi: isnadi. Hawatosheki na kuuliza habari imeandikwa wapi. Huuliza nani aliipokea kutoka kwa nani, na kama walikutana. Tanbihi ya kamusi elezo hukatia mnyororo huo kwenye jalada la kitabu.

Mfano wa karibu zaidi ni Makobola, katika teritware ya Fizi. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa Oktoba 2010, iliyochunguza matukio 617 ya kati ya Machi 1993 na Juni 2003, inasema zaidi ya watu 800 waliuawa huko kuanzia tarehe 30 Desemba 1998 hadi 2 Januari 1999. Leo mhariri anaitaja bila wasiwasi. Lakini sehemu kubwa ya ripoti hiyo imejengwa juu ya vinywa vya mashahidi, na uzito wake unatokana na sharti kwamba kila tukio lithibitishwe na angalau vyanzo viwili visivyotegemeana. Manusura waliyajua hayo tangu Januari 1999, miaka zaidi ya 11 kabla ripoti haijatoka. Kwa nini mbinu hiyo ikifanywa na Umoja wa Mataifa ihesabike kuwa uhakiki, ikifanywa Baraka iitwe uvumi?

Nitajibiwa kwamba Fizi ni mahali pa hatari kwa pendekezo kama hili. Mzozo wa ardhi na utawala wa Minembwe, katika milima ya Fizi hiyo hiyo, umeonyesha kwamba kila upande una wazee wake na kila mzee ana tarehe yake ya nani alitangulia. Nakubali. Katika swali hilo kamusi elezo isitoe hukumu. Iseme nani anadai nini. Ila vitabu navyo vina pande zake, na hatujavifungia nje kwa sababu hiyo. Mwaka 2011 Achal Prabhala aliongoza mradi wa kutumia masimulizi yaliyorekodiwa kama tanbihi za Wikipedia huko India na Afrika Kusini. Pingamizi kubwa lilikuwa kwamba huo ni utafiti mpya, si kunukuu. Huenda. Lakini rekodi yenye tarehe, mahali, lugha na jina la msimulizi aliyeridhia inakagulika zaidi, na kila mwenye masikio, kuliko kitabu kilichofungiwa katika maktaba ya Ulaya.

Kwa hiyo naomba vyuo na parokia za Fizi na Baraka zianze kurekodi na kuhifadhi sasa. Aliyekuwa na miaka 50 siku za Makobola ameshapita 75.