Muwasho wa Huko Nyuma Una Historia Ndefu

Wasee, leo tuongee kuhusu huko nyuma. Ndio, huko huko. Ukiona nazunguka-zunguka, shida si mimi, ni vile jina la hicho kiungo tumelifanya tusi la kurushiana steji ya matatu. Sasa mtu mzima akiwashwa hapo, atamwambia daktari nini?

Stori inaanzia London, 1874. Daktari wa upasuaji wa hospitali ya St Bartholomew's, James Paget, aliandika kuhusu wanawake kama 15 waliokuwa na upele kwenye chuchu. Mwekundu, unatoa majimaji, ukiuona ungesema ni ukurutu tu. Dawa za ngozi ziligonga mwamba. Na kwa wale aliowafuatilia, haikupita miaka 2 kabla saratani kutokea ndani ya titi.

Mwaka 1889 daktari mwingine wa London, Radcliffe Crocker, akaonyesha kitu kile kile kwenye sehemu za siri za mwanaume. Halafu 1893, Wafaransa wawili, Darier na Couillaud, wakakikuta kando ya njia ya haja kubwa. Huyu Darier siwezi kumruka. Alipoziona zile seli kwa darubini, kubwa, zimepauka, zimekaa katikati ya seli za kawaida, aliamini ni vijidudu. Kumbe alikuwa anaitazama saratani yenyewe. Simlaumu, ata siku hizi inadanganya watu.

Inadanganya kwa sababu seli hizo mara nyingine huanzia kwenye ngozi yenyewe, na mara nyingine ni za uvimbe ulio ndani, kwenye njia ya haja kubwa au mwisho wa utumbo, zinatambaa pole pole mpaka ngozi ya nje. Unapaka dawa nje na shida iko ndani. Ndio maana daktari akishuku hukata kinyama kidogo cha ngozi kipimwe, na ikithibitishwa anaingiza kamera kuchungulia utumbo.

Ni nadra sana, nisiwatishe. Muwasho mwingi wa huko ni bawasiri, minyoo, fangasi, ama sabuni tu. Na ugonjwa huu huwapata zaidi watu waliopita miaka 60, kwa hivyo pengine si wewe. Ni guka ama shosho, na yeye hukutuma kemisti ununue tyubu ya krimu bila kusema ni ya nini. Muwasho unatulia wiki mbili, unarudi, unatumwa tena. Miezi inaisha hivyo.

Mimi guka alinituma mara nne kabla sijamuuliza inapakwa wapi. Alinyamaza, akaangalia runinga kama hajanisikia, kisha akasema, "Huko." Nikampeleka kliniki. Yake ilikuwa bawasiri, na njiani kurudi tuliongea kuhusu mpira tu.